Kiti cha Babu Hakimu

Jirani yetu wa mlango wa pili tunamwita Mama Nimesikia, kwa sababu hajawahi kuanza maneno yake kwa neno jingine. Asubuhi hiyo nilikuwa naanika nepi uani, mtoto yuko mgongoni, akaja akasimama upande wa pili wa kamba, nusu ya uso wake imefichwa na shuka langu.

"Nimesikia baba mkwe wako amefikishwa mahakamani," akasema.

"Na nani?"

"Na wenye nguo zao. Nimesikia wameungana. Kuna bwana harusi aliyeoa na suruali ya kuazima. Kuna mwalimu aliyepeleka kitambaa hana kitambi, sasa anacho, hata kikishonwa leo hakimwingii. Jana baba mkwe wako kaonekana anaingia mahakamani na koti lake la sherehe, tena kwa mlango wa nyuma, ule wa washtakiwa."

"Labda alikwenda kumpima mtu nguo."

Akalisogeza shuka ili anitazame vizuri. "Mwanangu, wewe bado mdogo," akasema, akaenda zake kuwapelekea wengine.

Sikuweza kumbishia sana, maana habari yenyewe ilikuwa na sura ya kweli. Baba mkwe wangu ni fundi cherehani, na mkono wake ni mzuri mno. Koti aliloshona unaweza kuligeuza nje ndani na mtu asijue. Shida yake ni moja: hamalizi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake, na nguo zimetundikwa ukutani, hii haina mkono, ile haina kola, nyingine ina mguu mmoja tu, kama watu waliotoka kwenye ajali. Kila mteja huambiwa aje kesho. Wala hadanganyi. Akisema kesho, macho yake yanakuwa ya mtu anayeiona hiyo kesho imeshapigwa pasi na kukunjwa. Tatizo ni kwamba nguo ikikaribia kwisha anaanza kuipenda, na akishaipenda anaona kasoro, na akishaiona kasoro anaifumua.

Nilipompelekea chai nilimkuta ameinama kwenye cherehani, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Hiyo futi haimtoki. Marehemu mama mkwe, ambaye sikuwahi kumwona, inasemekana alikuwa akimvua akishalala, asije akajinyonga.

"Baba," nikamwambia, "mtaani wanasema una kesi."

"Mimi?" Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mkwe, mimi nimekwenda kumtafuta Babu Hakimu."

Hapo nikaelewa, maana Babu Hakimu ndiye aliyeizuia ndoa yake.

Babu Hakimu ni baba wa babu yake baba mkwe, mtu wa karne ya kumi na tisa, na ndiye fahari ya ukoo huu nilioolewa. Ushahidi wake upo sebuleni, na mgeni hapewi hata maji kabla hajaonyeshwa. Kwanza ni kiti: kikubwa, cha mbao nyeusi, kina mikono miwili na mgongo mrefu uliochongwa mizani. Pili ni karatasi iliyowekwa kwenye fremu. Ni nusu karatasi tu, nusu ya chini ililiwa na mchwa, na iliyobaki inasema hivi, kwa wino uliokuwa mweusi zamani: "Unatakiwa kufika mbele ya mahakama hii siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, bila kukosa."

Shangazi, dada mkubwa wa baba mkwe, huwasomea wageni kwa sauti. Akifika kwenye "bila kukosa" hupumzika kidogo, kisha husema, "Mnaona wenyewe. Mahakama ilikuwa haianzi bila yeye."

Kiti ni cha mkubwa wa ukoo, na mkubwa wa ukoo sasa ni Shangazi. Yeyote mwenye shauri hapa nyumbani hulipeleka sebuleni, Shangazi anakaa kitini, anasikiliza, anakata. Alishatuamulia mimi na mume wangu ugomvi wa chandarua. Na sheria ya kwanza ya kiti hicho, ambayo Shangazi aliipokea kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake, ni kwamba ukoo wa hakimu hauoani na watu wa kesi.

Sasa baba mkwe alikuwa amempenda mtu wa kesi.

Ni mjane anayeuza vifungo na nyuzi sokoni, kwa hiyo tunamwita Mama Vifungo. Ana meza yenye makopo madogo, kila kopo na rangi yake, na anaongea polepole kama anayetunga uzi kwenye sindano. Baba mkwe alianza kununua kwake vifungo kimoja kimoja. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na hukaa nyumbani mara chache, alirudi safari moja akauliza kwa nini siku hizi mashati yote yana kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Mimi nilikuwa nimeshaelewa zamani, nikanyamaza.

Baba mkwe alipopeleka shauri lake sebuleni, Shangazi aliuliza swali moja tu: "Baba yake si ndiye aliyeshtakiwa kwa ajili ya mbuzi?" Ilikuwa kweli. Mbuzi wa marehemu baba yake alikula nguo za jirani kwenye kamba, wakapelekana mahakamani, marehemu akashindwa. "Basi ni watu wa kesi," Shangazi akasema, na kikao kikafungwa.

"Nilivyofikiria," baba mkwe akaniambia asubuhi ile ya chai, "hakimu wa miaka yote ile hawezi kukosa kumhurumia mtu hata mmoja. Nikipata hukumu moja tu ambayo Babu alimsamehe mtu wa mbuzi, au wa kuku, dada hatakuwa na la kusema. Atakuwa anabishana na Babu mwenyewe."

"Umeipata?"

"Kuna karani pale masjala. Kaniambia nije kesho."

Alikwenda kesho, na kesho yake, na nyingine. Kila akirudi aliniambia kwamba yule karani ni mama mkweli sana: mafaili ya zamani yapo tayari, yamebaki kufutwa vumbi tu. Mara nyingine yamebaki kupangwa tu. Mara nyingine ufunguo wa kabati umekwenda kuchongeshwa. Nilipomsikiliza nikahisi maneno haya nimewahi kuyasikia, tena ndani ya nyumba hii.

"Baba," nikamuuliza, "huyo karani unamfahamu?"

"Uso wake si mgeni."

"Hana nguo yake hapa?"

Tukaingia karakana, akatazama ukutani, akalitazama gauni moja la bluu lisilo na mikono, akavua miwani, akaivaa tena. Gauni lile liliingia pale wakati mtoto wa mwisho wa karani anatambaa. Sasa mtoto huyo anabeba mkoba wa shule. Baba mkwe akakaa kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu nije nyumba hii nikamwona anatia mkono wa pili kwenye nguo siku ileile aliyotia wa kwanza. Alipotaka kulifumua bega nilimpokonya mkasi, nikamwekea mtoto mikononi.

Tulikwenda wote, mimi na mtoto na gauni, kwa sababu macho ya baba mkwe hayaoni maandishi madogo, na mimi darasa la saba nilisoma vizuri. Mlango wa nyuma haukuwa wa washtakiwa wala nini, ulikuwa mlango wa masjala. Ndani kuna kaunta ya mbao, rafu hadi kwenye dari, na harufu ya karatasi iliyokaa sana. Karani alilipokea gauni, akaligeuza nje ndani, akalichungulia kila mshono. Kisha akainama chini ya kaunta palepale akatoa mafaili, yamefutwa vumbi, yamefungwa kwa kamba, kama yaliyokuwa yakilisubiri gauni hilo siku zote.

"Karibuni mketi," akasema.

Tukaanza na orodha ya mahakimu. Tulipitia majina ya miaka yote ya mwisho ya karne ile. Babu hayumo. Baba mkwe akasema labda alikuwa hakimu mkubwa sana, ameandikwa kwenye kitabu kingine. Ili amwonyeshe karani kwamba hazungumzi hewani, akafungua kitambaa akatoa ile fremu ya sebuleni. Alikuwa amemwambia Shangazi anaipeleka ikafutwe kioo.

Karani akaisoma. "Mzee, hii ni samansi."

"Ndiyo. Walikuwa wanamwita kazini."

"Mtu wa kazini haambiwi bila kukosa."

"Walikuwa wanamhitaji sana."

Karani akanitazama mimi, kama anayeomba msaada, kisha akachukua samansi nyingine ya zamani kutoka kwenye faili, nzima, akaiweka kando ya ile yetu. Maneno ya juu yalikuwa yaleyale. Ile nzima iliendelea chini: "La sivyo utakamatwa."

"Hiyo la sivyo kwetu haipo," baba mkwe akasema.

"Imeliwa na mchwa, mzee."

Nilimwonea huruma, lakini pia nilielewa kosa lilivyotokea. Ukoo huu uliwakimbia watu wa kesi vizazi vyote, kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kupata samansi. Wangejuaje inafananaje?

Tukahamia upande wa washtakiwa. Huko hatukutafuta sana. Jina la Babu lilikuwa limejaa kama la mwenye nyumba. Mwandiko ulikuwa umelala upande, herufi ndefu ndefu, nikawa nasoma polepole, kidole juu ya mstari, mtoto anavuta kamba ya faili.

"Mshtakiwa, seremala, alipewa mbao na mahakama hii atengeneze kiti cha hakimu chenye alama ya mizani. Hajakileta. Anasema kiti kipo tayari, kimebaki kupigwa msasa."

Baba mkwe akakohoa.

"Mshtakiwa amefika tena. Anasema msasa umepigwa, imebaki rangi." Nikageuza. "Mshtakiwa amefika tena. Anasema rangi haikauki kwa sababu ya mvua. Mahakama inaona kwamba mvua haijanyesha." Nikageuza. "Mshtakiwa anasema mguu mmoja haukumridhisha, ameung'oa. Mahakama inaandika haya ikiwa imekaa juu ya sanduku."

Karani alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono wa gauni la bluu.

"Mke wa mshtakiwa ameitwa kutoa ushahidi. Anasema kiti kipo nyumbani. Mumewe hukifuta kila asubuhi na hataki mtu akikalie."

Iliendelea hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka yule hakimu wa sanduku akahamishwa. Aliyekuja baada yake aliandika mstari mmoja: "Shauri limefungwa. Mahakama imepata kiti kwingine."

Nilimaliza, nikasubiri. Niliogopa mzee atalia. Akaikunja futi mikononi, akauliza, "Mguu gani?"

"Haijaandikwa, baba."

"Ni ule wa nyuma, kushoto," akasema. "Hata mimi hauniridhishi."

Karani alituruhusu kunakili, nikanakili yote kwa kalamu yake. Njiani nilidhani baba mkwe atatembea haraka, maana alikuwa amekwenda kutafuta msamaha mmoja na amepata kitu kikubwa zaidi: hatukuwa ukoo wa hakimu kabisa. Tulikuwa watu wa kesi kuliko watu wote mjini. Mbuzi wa Mama Vifungo si kitu. Lakini alikuwa anaburuza miguu.

"Nikimsomea dada karatasi hii, naoa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na nikimsomea, itabidi pia ajue kwamba yule fundi saa alimkosa bure."

Sikuwa najua habari hiyo. Akanieleza palepale, tumesimama kwenye kivuli cha ukuta wa posta. Shangazi, alipokuwa msichana, aliposwa na fundi saa, kijana mpole mwenye jicho moja dogo kwa ajili ya kuchungulia saa. Kaka yake huyo kijana alikuwa ameshtakiwa kwa kugombea mpaka wa kiwanja. Baba yao akakaa kitini, akakata shauri. Shangazi hakuolewa kabisa. Baba yao alipokufa alipewa kiti, na tangu hapo hajakikosa hata siku moja.

"Sasa nimpokonye na kiti?" baba mkwe akaniuliza.

Nikakaza kanga mgongoni. Mtoto alikuwa amelala.

Basi karatasi ikaingia mfuko wa koti, na ikakaa. Nikimuuliza aliniambia ataisoma kesho. Bado anatafuta maneno ya kuanzia. Maneno ameyapata, imebaki kuyapanga. Fremu ilirudi ukutani, kioo kimefutwa, na Shangazi akaendelea kuwasomea wageni, huku baba mkwe akiangalia viatu vyake kila ikifika "bila kukosa".

Mwishowe nilipokwenda sokoni kununua uzi, Mama Vifungo alinipimia uzi wangu, akamshika mtoto shavu, kisha akasema bila kupandisha sauti, "Mwambie baba mkwe wako mimi si suruali."

Nikamfikishia, neno kwa neno. Alikuwa ameshika mkasi. Akauweka chini, akavaa koti, akaingia sebuleni, akasema anaomba kikao.

Tulikuwa wanne: Shangazi kitini, baba mkwe kwenye kigoda, mume wangu mlangoni kama mtu aliye tayari kukimbia, na mimi mkekani na mtoto. Baba mkwe akasimama, akatoa karatasi, akafungua mdomo, akaufunga. Akanipa mimi.

"Soma, mwanangu," Shangazi akasema, maana hakujua ni nini.

Nikasoma kila kitu. Nilipofika kwenye mvua ambayo haikunyesha, Shangazi akainua kidole.

"Hapo rudia."

Nikarudia. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, lakini ilikuwa kicheko, kicheko cha chini kisicho na sauti. Akamnyooshea baba mkwe kidole.

"Huyu ni wewe," akasema. "Huyu ni wewe mtupu."

"Ni mimi, dada."

Nikamaliza na mstari wa hakimu mpya. Mtoto alikuwa anagonga kijiko sakafuni. Shangazi akapitisha kiganja kwenye mkono wa kiti, mahali penye kibanzi kinachochana nguo zake tangu nimfahamu.

"Kumbe hakumaliza msasa," akasema.

Akakikwaruza kibanzi kwa ukucha.

"Na yule hakimu wao akakaa kwenye sanduku."

"Ndiyo, Shangazi," nikasema.

"Na fundi saa?" Alimtazama mdogo wake. Mume wangu pale mlangoni alikuwa ameacha kuegemea. "Yupo?"

"Yupo, dada. Ana wajukuu. Macho yamekwisha, hatengenezi tena."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa saa yake na kuambiwa haitengenezeki. Nilitamani kwenda kumshika mkono, lakini kwenye kikao mtu haendi kitini. Kisha akajinyoosha, akakaa sawasawa, mikono juu ya mikono ya kiti.

"Wewe usichelewe," akamwambia baba mkwe. "Kaoe."

Baba mkwe akabaki amesimama. "Na kiti, dada?"

"Kiti kina nini? Mahakama ikikitaka, itanikuta nimekikalia." Akanigeukia mimi. "Na hiyo karatasi iwekwe kwenye fremu, hapo chini pa ile, palipoliwa na mchwa. Wageni watasomewa zote mbili. Lakini utasoma wewe. Mimi nitacheka."

Kikao kikafungwa. Mume wangu alitoka nje akaenda kumwaga kicheko chake nyuma ya lori.

Siku zilizofuata Mama Nimesikia alipita uani mara nyingi kuliko kawaida. Alikuwa amesikia kwamba baba mkwe ameshinda kesi, lakini hakuna aliyeweza kumwambia alikuwa anashtakiana na nani.

Ijumaa jioni nilimkuta baba mkwe karakana, amevaa futi yake, anapiga pasi gauni la hudhurungi lenye vifungo vinavyofanana vyote. Alikuwa hajampima Mama Vifungo hata siku moja. Alimpima kwa macho, kwa miezi yote ile ya kununua kifungo kimoja kimoja. Nilitaka kulitazama bega, akaniambia nisiliguse, limekwisha, asije akaniona naligusa na yeye akaanza kulitazama tena.

Akalikunja. Akalifunga kwa gazeti. Akakaa kwenye kiti chake cha cherehani, akamchukua mtoto kwangu, akamweka gotini.

"Mkwe," akasema, "nina ombi moja, nalo si la kushona."

"Sema, baba."

"Kesho anakuja. Mtaa mzima utakuwa mlangoni, na wote watamwita Mama Vifungo. Dada yangu atamwita 'huyu' tu. Mumeo namjua, mdomo utamkwama, mama yake bado anamkumbuka, na mimi sitamlaumu. Wewe ndiye utakayefungua mlango." Akamfuta mtoto mate kwa ncha ya futi. "Ukimkaribisha, mwite mama. Sema kwa sauti, wasikie mpaka kule nyuma."